Carl Linnaeus, Mtu Aliyevipa Viumbe Majina

Katika Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, iko bustani kubwa ya watu wote iitwayo Humlegården. Hapo zamani ilikuwa bustani ya wafalme; siku hizi ni mahali pa wenyeji kutembea na kupumzika chini ya miti, na Maktaba Kuu ya nchi imejengwa humo humo. Katikati ya bustani hiyo imesimama sanamu ya shaba juu ya jiwe refu. Ni sanamu ya mtu mzima aliyevaa mavazi ya wataalamu wa zamani, naye ameshika kitabu na maua. Chini yake wako wanawake wanne wa shaba, ambao ni mifano ya elimu nne: elimu ya mimea, elimu ya wanyama, elimu ya uganga, na elimu ya mawe na madini. Fundi aliyeifanya ni Frithiof Kjellberg, na siku ya kufunuliwa kwake ilikuwa 13 Mei 1885.

Mtu yule ni Carl Linnaeus, aliyeitwa baadaye Carl von Linné. Waswidi waliohamia Marekani nao walimkumbuka. Wakakusanya fedha, wakafanyiza sanamu kwa mfano wa ile ya Stockholm, ikasimamishwa mwaka 1891 katika bustani ya Lincoln Park mjini Chicago. Mwaka 1976 ikahamishwa, ikawekwa karibu na Chuo Kikuu cha mji ule.

Hata mwaka 2020, ugomvi juu ya sanamu za watu wakubwa ulipoenea katika nchi nyingi, wako watu katika Uswidi waliotia sahihi maombi kwamba sanamu za Linnaeus ziondolewe, kwa sababu ya maneno aliyoandika juu ya mataifa ya wanadamu, na hasa juu ya watu wa Afrika. Wengine wakakataa, wakazitaja kazi zake njema. Sanamu ikabaki mahali pake.

Basi, wasomaji wetu, tumeona yafaa kuyaeleza maisha ya mtu huyu tangu mwanzo. Jina lake halitajwi sana vijijini kwetu, lakini kazi yake imefika mpaka mashambani mwetu. Kahawa ya Kilimanjaro, mnazi wa pwani, mahindi tunayosaga kila siku, vyote vinaitwa na wataalamu wa dunia nzima kwa majina aliyovipa yeye. Tena alikuwa mwana wa nyumba ya mchungaji wa Kilutheri, akalelewa katika mafundisho tuliyolelewa sisi. Kwa hiyo mema yake na makosa yake yatupasa kuyajua.

Carl alizaliwa tarehe 23 Mei 1707, kwa hesabu ya siku tunayoitumia sasa, katika kijiji cha Råshult, wilaya ya Småland, kusini ya Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa msaidizi wa mchungaji katika usharika wa Stenbrohult, na baadaye akawa mchungaji wa usharika ule. Wakati ule watu wa mashambani hawakuwa na jina la ukoo; mtu aliitwa kwa jina la baba yake tu. Nils alipokwenda kusoma ilimpasa awe na jina la ukoo, akalichagua kutoka kwa mti mkubwa uliosimama katika shamba la jamaa zake, nao huitwa lind kwa Kiswidi. Kwa namna hiyo jina Linnaeus limetoka kwa mti.

Nils alipenda sana bustani. Mtoto alipoanza kusema, baba alimwonyesha maua na kumtajia majina yake. Mtoto akiyasahau, baba alimwonya, kwamba hatamtajia mengine asipoyashika yale ya kwanza. Carl akajitia bidii kuyashika. Akapewa kipande chake cha bustani, akapanda humo kila kitu alichokiona porini, hata magugu.

Wazazi wake walitaka awe mchungaji kama baba yake na kama babu yake mzaa mama. Wakampeleka shule katika mji wa Växjö alipokuwa na umri wa miaka 9. Lakini masomo ya kumtengeneza mtu kwa uchungaji hayakumwingia moyoni. Mara nyingi aliyaacha akaenda mashambani kutafuta mimea. Mwaka 1726 baba yake alikuja kuuliza habari za mwanawe, na waalimu wakamwambia kwamba kijana huyu hafai kwa vitabu. Afadhali afundishwe kazi ya mikono, kama ushonaji wa nguo au wa viatu. Mchungaji Nils akahuzunika sana, maana alikuwa ametoa fedha miaka mingi na mali yake ilikuwa kidogo.

Katika mji ule alikuwako mganga aitwaye Johan Rothman, aliyefundisha pia shuleni. Yeye alikuwa amemwangalia kijana kwa macho mengine. Akamwambia baba yake kwamba mtoto hafai kwa uchungaji, ni kweli, lakini aweza kuwa mganga mwema. Akamchukua nyumbani kwake, akamfundisha pasipo kutaka malipo. Twaona hapa jambo la kufikiri kwa kila mwalimu: mtoto ni yule yule mmoja, na waliompima walikuwa watu wenye elimu, ila mmoja tu ndiye aliyekaa akamtazama vizuri kabla ya kusema neno juu yake.

Mwaka 1727 Carl akaingia Chuo Kikuu cha Lund, na mwaka wa pili yake akahamia Uppsala. Huko alikuwa maskini, hata viatu vyake vilipotoboka akavitengeneza kwa karatasi. Siku moja ya mwaka 1729, alipokuwa katika bustani ya chuo akiangalia maua, mzee mmoja akaja akamwuliza maswali juu ya mimea. Mzee huyo alikuwa Olof Celsius, profesa wa elimu ya Mungu, ambaye alikuwa akiandika kitabu juu ya mimea yote inayotajwa katika Biblia. Alipoona jinsi kijana anavyojua, akamkaribisha akae nyumbani mwake na kula mezani pake.

Wakati huo alikuwa na rafiki mmoja wa kusoma pamoja naye, Peter Artedi, aliyependa elimu ya samaki. Vijana hao wawili waligawana kazi, huyu mimea na yule samaki, wakaagana kwamba mmoja wao akifa, mwenziwe atazitunza karatasi zake na kuimaliza kazi yake. Hata mwaka 1735, walipokuwa wote wawili katika Uholanzi, Artedi alianguka usiku katika mfereji wa maji mjini Amsterdam, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 30. Linnaeus akalitimiza agano: akazikomboa karatasi za marehemu, akazitengeneza, na mwaka 1738 kitabu kikapigwa chapa kwa jina la Artedi.

Lakini turudi nyuma kidogo. Mwaka 1732 chama cha wataalamu wa Uppsala kilimpa Linnaeus fedha kidogo aende mpaka nchi ya kaskazini kabisa, wakaapo Wasami, watu wafugao kulungu wa nchi ya baridi. Aliondoka mwezi wa Mei, akarudi mwezi wa Oktoba. Alisafiri kwa farasi, kwa mashua, na mara nyingi kwa miguu, katika mabwawa na milima, akiumwa na mbu. Kila siku aliandika aliyoyaona: mimea, ndege, mawe, chakula cha wenyeji, dawa zao, nguo zao. Waswidi wengi waliwadharau Wasami, lakini Linnaeus alikula pamoja nao, akalala katika hema zao, akajifunza kwao, akasifu afya yao na maisha yao yasiyo na makuu. Huko kaskazini alipendezwa sana na ua moja dogo litambaalo chini ya misunobari, lenye kengele mbili nyekundu-nyeupe katika shina moja. Baadaye rafiki yake wa Uholanzi, Gronovius, aliliita ua hilo Linnaea kwa heshima yake, na Linnaeus alifurahi, kwa kuwa ni ua la chini, lisilotazamwa na watu.

Mwaka 1735 akasafiri kwenda Uholanzi kupata cheo cha daktari. Njiani alipita Hamburg, mji wa Kijerumani. Meya wa mji alikuwa na kitu cha ajabu kilichojulikana mbali: nyoka mkavu mwenye vichwa saba, aliyechukuliwa zamani katika kanisa moja la Prague wakati wa vita. Watu walimwogopa, na bei iliyotajwa kwa kumnunua ilikuwa kubwa mno. Linnaeus akaomba kumwangalia. Hakustaajabu kama wengine. Alitazama kinywa, meno na miguu. Akaona mara moja kwamba taya zile ni za kicheche, na kwamba ngozi ya nyoka imegandishwa juu yake kwa ustadi. Akasema wazi kwamba kitu hiki kimefanywa na mikono ya watu, labda kwa kuwatisha washiriki kwa mfano wa yule mnyama wa Ufunuo. Bei ya nyoka ikaanguka pale pale, na Linnaeus akauacha mji upesi kwa kuiogopa hasira ya mwenye mali.

Tulikumbuke jambo hilo la Hamburg, maana ndilo lililomfanya awe mtu mkubwa. Nguvu yake ilikuwa kutokubali habari kwa kuwa imesemwa na wengi, ila kuinama, kufungua, kuhesabu, na kutazama mwenyewe.

Katika mji wa Harderwijk akapata cheo chake kwa muda wa majuma mawili hivi. Maandiko aliyotoa yalihusu homa ile ya vipindi tunayoiita malaria, ambayo siku zile ilikuwako hata Uswidi. Alifikiri ya kuwa inatoka katika udongo wa mfinyanzi, ambao vipande vyake vidogo huingia mwilini kwa maji ya kunywa. Alikosea. Mbu waliomwuma kaskazini hakuwashuku, na iliwapasa watu kungoja mpaka mwisho wa karne ya 19 ndipo kazi ya mbu ilipojulikana. Tutaona jinsi homa hiyo ilivyomrudia kwa njia ya huzuni.

Mwaka ule ule, katika Leiden, kitabu chake cha kwanza kikubwa kikatoka, kiitwacho Systema Naturae. Kilikuwa kurasa chache tu, hazizidi 12, lakini kila ukurasa ulikuwa mpana sana. Ndani yake alivipanga vitu vyote vya ulimwengu katika milki tatu: mawe, mimea na wanyama. Mimea aliipanga kwa kuhesabu viungo vya uzazi vilivyo ndani ya ua, vile vya kiume vitoavyo chavua na vile vya kike vipokeavyo. Kwa njia hiyo hata kijana asiyejua mengi aliweza kuhesabu na kuliona kundi la ua lake. Wako waliochukizwa kwamba maneno ya ndoa yatumike juu ya maua, lakini hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, ikaenea.

Tajiri mmoja, George Clifford, akamweka atunze bustani yake ya Hartekamp. Humo mlikuwa na mgomba katika nyumba ya vioo. Migomba michache sana ilikuwa imewahi kutoa maua katika Ulaya. Linnaeus akafikiri juu ya nchi ambazo mgomba hutoka, ambako kuna kiangazi na masika. Akaupanda katika udongo wenye rutuba, akaunyima maji kwa majuma kadhaa, kisha akaumwagia maji mengi kama mvua. Mgomba ukatoa maua, na mwaka 1736 akaandika kitabu kizima juu yake. Alidhani huenda ndio mti uliokuwa katika bustani ya Edeni, na kwa sababu hiyo ndizi ikapata kwa Kilatini jina lenye maana ya paradiso. Mkulima wa Uchaga au wa Bukoba atatabasamu, maana yeye aujua mgomba tangu utoto pasipo nyumba ya vioo. Lakini na ajue kwamba mtu yule alifaulu kwa kuwa aliuliza kwanza mti unaishije kwao.

Mwaka 1738 akarudi Uswidi, akafanya kazi ya uganga Stockholm. Mwaka 1739 akamwoa Sara Elisabeth Moraea, na mwaka huo huo akawa msimamizi wa kwanza wa Chuo cha Sayansi cha Uswidi. Mwaka 1741 akafanywa profesa wa Uppsala, akakaa huko mpaka mwisho wa siku zake, katika nyumba iliyo kando ya bustani ya chuo. Wanafunzi walimpenda mno. Wakati wa joto aliwachukua kwenda mashambani, wakati mwingine watu mia na zaidi, wakirudi jioni kwa tarumbeta na ngoma, na maua katika kofia zao.

Sasa tueleze habari ya majina. Kabla yake kila mmea ulikuwa na jina refu la Kilatini, lililokuwa kama maelezo. Nyanya, kwa mfano, iliitwa kwa maneno mengi ya kusema kwamba shina lake halina miiba, ni laini, na majani yake yamekatika-katika. Tena mtaalamu wa Ufaransa aliweza kuuita mmea kwa maneno yake, na wa Uingereza kwa maneno mengine, hata mtu asijue kama wanasema juu ya kitu kimoja au viwili. Linnaeus akakata shauri kwamba kila kiumbe kiwe na majina mawili tu: la kwanza kama jina la ukoo, na la pili kama jina la mtu mwenyewe. Kahawa akaiita Coffea arabica. Mnazi, Cocos nucifera. Mahindi, Zea mays. Kitabu chake cha mwaka 1753 kiliitaja mimea karibu 6,000 kwa njia hiyo, na kile cha mwaka 1758 kiliwataja wanyama zaidi ya 4,000. Desturi hiyo ndiyo inayofuatwa hata leo. Hata ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililopelekwa Ulaya wakati wa Wajerumani, lilipewa majina mawili mwaka 1893, na walipolichunguza zaidi siku hizi wakalihamisha katika ukoo mwingine. Jina si kitu cha kufungwa milele. Aonaye vizuri zaidi ana ruhusa ya kulitengeneza.

Lakini profesa hakuweza kufika kila nchi. Akawatuma wanafunzi wake, akawaita mitume. Walikuwa 17, wakaenda China, Japani, Amerika, Arabuni, Afrika ya Kusini na kwingineko. Wengi wao hawakurudi. Wa kwanza, Christopher Tärnström, alikufa mwaka 1746 njiani kwenda China, akaacha mke na watoto. Mjane akamlaumu Linnaeus vikali, naye tangu hapo akawa anawatuma vijana wasio na wake. Fredrik Hasselquist alikufa karibu na Smirna mwaka 1752. Pehr Löfling alikufa Venezuela mwaka 1756. Pehr Forsskål, kijana hodari kuliko wengi, alifika Yemeni akakusanya mimea na samaki wa Bahari ya Shamu, akafa huko mwaka 1763. Ugonjwa uliomwua ni malaria, ile ile ambayo mwalimu wake alikuwa ameandika juu yake miaka 28 nyuma, na sababu yake asiijue. Tunapoitazama sanamu ya shaba ya mtu mmoja, tuwakumbuke na hao waliolala katika makaburi ya ugenini, ambao kazi yao imo ndani ya vitabu vyake.

Iko habari nyingine ya homa, nayo yatuhusu sisi Waafrika. Katika Suriname, koloni la Waholanzi kule Amerika, alikuwako mtu jina lake Kwasi. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akachukuliwa utumwani angali mtoto. Aligundua ya kwamba mti fulani mchungu wa nchi ile wafaa kwa kuponya homa, akasifiwa kwa dawa yake na weusi na weupe, hata akapata uhuru. Maisha yake yana mambo mazito, maana aliwasaidia Waholanzi kuwasaka watumwa waliotoroka, na wajukuu wa watoro wale hawajamsahau kwa ubaya. Lakini dawa ilikuwa dawa. Mswidi mmoja aliyekaa Suriname alimpelekea Linnaeus mti ule, na katika miaka ya 1760 Linnaeus akauita Quassia amara. Neno la kwanza ni jina la Kwasi, na la pili maana yake ni chungu. Mwafrika aliyekuwa mtumwa akawekwa katika kitabu cha elimu kwa jina lake mwenyewe.

Twasikitika kwamba profesa huyo huyo, alipofika katika habari za wanadamu, hakushika njia yake. Katika kitabu cha mwaka 1735 alimweka mwanadamu pamoja na wanyama wengine, na watu wengi wakamnung'unikia kwa hilo. Akawagawanya watu katika namna nne, kwa bara zao na rangi zao: wa Amerika, wa Ulaya, wa Asia, na wa Afrika. Mwaka 1758 akampa mwanadamu jina Homo sapiens, yaani mtu mwenye hekima, na katika jina hilo moja akawaweka watu wa mataifa yote. Hapo alisema kweli. Lakini chini ya jina hilo akaongeza maneno juu ya tabia. Mtu wa Ulaya akamwandika kuwa mwepesi wa akili, mbunifu, mwenye kutawaliwa na sheria. Mtu wa Afrika akamwandika kuwa mvivu, mjanja na mzembe, mwenye kutawaliwa na mapenzi ya moyo wake tu.

Maneno hayo aliyapata wapi? Linnaeus hakukanyaga Afrika kamwe. Hakukaa katika kijiji chetu hata kimoja, hakuwasikia wazee wakikata shauri barazani, hakumwona mama aendaye shambani kabla ya jua kutoka. Alisoma habari za wasafiri na wafanyaji biashara, na miongoni mwao walikuwamo wenye faida katika kuuza watu. Habari hizo akazipokea, akaziandika kwa mkono ule ule ulioandika hesabu ya viungo vya maua. Katika Hamburg hakukubali vichwa saba vya nyoka mpaka ametazama meno. Lakini juu ya bara zima la watu alikubali uvumi. Na kwa kuwa watu walikwisha kumwamini katika mimea, wengi walimwamini na katika hilo. Baada yake wakaja wengine waliokwenda mbali zaidi, wakazitumia orodha za namna hiyo kuutetea utumwa na ubaguzi.

Elimu yenyewe imeyakataa maneno yale. Wataalamu wa siku hizi wanakubali kwamba wanadamu wote ni aina moja, na kwamba asili yao wote ni Afrika. Hata jina Homo alilolitumia Linnaeus limepewa mifupa ya kale iliyochimbwa Olduvai, katika nchi ya Tanzania, na kutangazwa mwaka 1964. Nasi tuliofundishwa katika Maandiko kwamba Mungu aliwafanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, hatukuwa na haja ya kuyasikia hayo kama jambo geni.

Siku za mwisho za Linnaeus zilikuwa za udhaifu. Mfalme alikuwa amempa cheo cha ukabaila, na hapo ndipo alipoitwa von Linné. Alikuwa na shamba zuri huko Hammarby. Lakini mwaka 1774 akapatwa na ugonjwa wa kupooza, na mwaka 1776 ukamrudia. Mtu aliyeyakumbuka majina ya viumbe elfu nyingi akawa mwenye kusahau hata jina lake mwenyewe. Akafa 10 Januari 1778 mjini Uppsala, akazikwa katika kanisa kuu la mji ule. Baada ya mwanawe kufa, vitabu vyake na mimea yake iliyokaushwa vikanunuliwa mwaka 1784 na kijana Mwingereza, James Edward Smith, navyo vinatunzwa London hata leo na chama chenye jina la Linnaeus, kilichoanzishwa mwaka 1788.

Haya ndiyo maisha ya mtu yule wa shaba wa Humlegården. Kama sanamu yafaa kukaa au kuondolewa, hilo ni shauri la wenyeji wa Stockholm. Lakini kwa upande wetu hatuoni faida ya kuzificha kazi zake njema kwa ajili ya kosa lake, wala kulificha kosa lake kwa ajili ya kazi zake njema. Mtu mmoja aliyafanya yote mawili. Alipoinama akatazama, alisaidia dunia yote. Aliposema juu ya watu asiowaona, aliwadhuru watu wengi kwa muda wa miaka mingi.

Nasi tulio waalimu na wazee wa sharika, hatuandiki vitabu vya Kilatini, ila kila siku twawapa watu majina. Twasema mtoto huyu ni mzito, kabila lile ni wezi, mama yule ni mchawi, kijana yule ameharibika. Maneno hayo yaandikwa moyoni mwa wasikiao, na kuyafuta ni kazi ngumu. Kumbukeni wale waalimu wa Växjö waliosema mtoto Carl hafai kwa vitabu, na kumbukeni mganga Rothman aliyemchukua nyumbani kwake. Kabla hujampa mtu jina, nenda kwake kwanza, kaa naye, mtazame.